Faili Lilelile, Jina Jipya: Kisa cha Ramani za Tovuti

Leo nawaletea historia ya faili moja. Ndiyo, faili. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo, lakini nivumilieni kidogo, maana faili hili nusura linivunjie heshima mjini.

Ilikuwa hivi. Niliandika habari ya fidia ya ardhi, habari iliyonila wiki tatu za kupanda daladala na kusubiri kwenye mabenchi ya ofisi za watu. Ikatoka kwenye tovuti yetu siku ya Jumatatu. Wiki mbili baadaye akanipigia simu mzee mmoja, miongoni mwa wenye viwanja niliowahoji. Shikamoo yangu aliipokea nusu nusu. "Kijana wangu, mbona wajukuu zangu wanasema ile habari umeinakili kwa watu?"

Nikashtuka. Kumbe wajukuu walikuwa wametafuta jina la mtaa wao kwenye mtandao, ikaja habari yangu, neno kwa neno, ndani ya tovuti nyingine kubwa kuliko yetu, bila jina langu. Ya kwetu haikutokea kabisa. Walipoiona baadaye kwetu, wakaamua kwamba hiyo ndiyo nakala. Ungewalaumu? Mimi siwalaumu. Siku hizi kisichoonekana kwenye mtambo wa kutafuta ni kama hakijaandikwa.

Nikaenda kwa mhariri kulalamika. Akanitazama juu ya miwani: "Wewe si ndiye unayejifanya fundi wa kompyuta? Kaa na mwenzako mtafute." Tukakaa na kijana wa IT mpaka saa mbili usiku. Jibu lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Siku chache kabla habari yangu haijatoka, programu ya tovuti ilisasishwa. Faili linaloitwa ramani ya tovuti likabadilika jina. Hakuna aliyetuambia, na hakuna kati yetu aliyeangalia. Roboti wa mtambo wa kutafuta aliendelea kwenda kwenye mlango wa zamani, anabisha, anajibiwa 404, yaani hakuna kitu, anageuka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hivi jina la faili moja linawezaje kubadilika hovyo hivi? Nani aliruhusu? Nikaanza kuchimba. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza tuelewane kuhusu ramani yenyewe. Mitambo ya kutafuta hutuma roboti wake wasome kurasa. Roboti anafuata viungo: kutoka ukurasa huu kwenda ule, kutoka ule kwenda mwingine. Tovuti inayozungumzwa na wengi ina viungo vingi vinavyoielekea, hivyo roboti anafika tu, ramani iwepo isiwepo. Lakini tovuti ndogo, ambayo habari yake ikishuka kutoka ukurasa wa mbele haina kiungo kingine popote, inahitaji kumpa roboti orodha mkononi: kurasa zangu ni hizi, na hii imebadilika tarehe fulani. Orodha hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya XML, ndiyo ramani ya tovuti. Haikuhakikishii kwamba utaonekana. Inahakikisha tu kwamba mgeni anajua vyumba vyote vya nyumba yako.

Sasa turudi nyuma hadi 1994, kabla Google haijazaliwa. Wakati huo mtandao ulikuwa mchanga na roboti walikuwa wameanza kuwa kero. Wengine walikuwa wanaomba kurasa kwa kasi mpaka seva zinalemewa, wengine wanaingia mahali pasipowahusu. Mholanzi mmoja aitwaye Martijn Koster, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya Nexor huko Uingereza, akapendekeza dawa: kila tovuti iweke faili moja dogo la maandishi linalowaambia roboti wapite wapi na wasipite wapi. Mwishoni mwa Juni 1994 wenye roboti na wenye seva wakakubaliana.

Ninachotaka mkiangalie hapa ni namna walivyochagua jina. Waraka wao unaeleza sababu moja moja. Jina liwe fupi na la namna ambayo mifumo yote ya kompyuta ya wakati ule inaikubali, kumbukeni kulikuwa na mifumo isiyopokea zaidi ya herufi 8, nukta, na herufi 3. Kiambishi cha mwisho kiwe kile ambacho seva inakijua tayari bila kupangwa upya. Jina lijieleze na likumbukike. Na lisiwe jina ambalo mtu anaweza kuwa ameshalitumia kwa faili lake. Wakatoka na robots.txt, likae mlangoni mwa tovuti, si penginepo.

Basi. Imepita zaidi ya miaka 30 na jina ni lilelile. Mwaka 2022 utaratibu huo ulipoandikwa rasmi na IETF, chombo kinachosimamia kanuni za intaneti, kwa namba RFC 9309, jina halikuguswa hata herufi. Koster mwenyewe yumo kwenye orodha ya waandishi wa waraka huo. Mtu alifikiria jina mara moja, vizuri, na dunia nzima ikapumzika.

Ramani ya tovuti haikupata bahati hiyo.

Juni 2005 Google walitangaza huduma waliyoiita Google Sitemaps. Waliutoa utaratibu wake wazi, chini ya leseni ya Creative Commons, ili mwingine yeyote autumie. Novemba 2006 Yahoo na Microsoft wakajiunga, ikafunguliwa tovuti ya pamoja ya sitemaps.org na toleo 0.90 la kanuni. Wapinzani watatu wa biashara kukaa meza moja halikuwa jambo dogo. Kanuni zilieleza mengi: faili moja lisizidi anwani 50,000, lisizidi megabaiti 10 (siku hizi ni 50), ukizidisha ugawe mafaili na uyaandikie faili la fahirisi. Zikaeleza pia kwamba faili linaruhusiwa kuorodhesha kurasa zilizo kwenye folda yake na kushuka chini tu, kwa hiyo ni bora likae mlangoni.

Na jina je? Jina wakamwachia mwenye nyumba. Mifano ya kanuni inatumia sitemap.xml, na wengi wakadhani hiyo ni sheria, lakini si sheria. Unaweza kuliita ramani.xml, unaweza kuliita ugali.xml, roboti hatakasirika. Kwa wakati ule haikuonekana ni tatizo, kwa sababu mwenye tovuti ndiye aliyetakiwa kwenda kwa Google kusema: faili langu linaitwa hivi na liko hapa. Yahoo nao walikuwa wakipokea orodha ya kawaida ya maandishi yenye jina urllist.txt. Kila mtu na lake.

Aprili 2007 wakaongeza kitu cha busara. Mwenye tovuti akaruhusiwa kuandika mstari mmoja ndani ya robots.txt unaosema ramani iko wapi, ili asilazimike kuzunguka kwa kila mtambo. Tazameni hapo: faili lenye jina lisilobadilika likapewa kazi ya kumtambulisha ndugu yake anayebadili majina. Ni suluhisho zuri, ila lina sharti moja. Ndugu akibadili jina, lazima mtu akumbuke kurekebisha ule mstari.

Kubadili majina lilikuwa jambo la kawaida hata kwa wakubwa wenyewe. Ile Google Sitemaps ilikuja kuitwa Google Webmaster Tools mwaka 2006, na mwaka 2015 ikaitwa Google Search Console. Ila tofauti ni hii: wao walipobadili jina la mlango wao, wageni walipelekwa mlango mpya. Sisi wadogo tunabadilishiwa jina tukiwa tumelala.

Sasa tuingie kwenye WordPress, maana ndipo moto ulipo. Programu hii ya kuendeshea tovuti ilianza 2003, na kufikia mwaka 2021 ilikadiriwa kuendesha tovuti 4 katika kila 10 duniani. Kwa miaka mingi haikuwa na ramani yake yenyewe. Ukitaka ramani ulichomeka programu-jalizi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kubwa. Iliyotamba miaka ile ilikuwa ya Mjerumani Arne Brachhold, aliyeitoa mwaka 2005, mwaka uleule wa Google Sitemaps. Ilikuwa inaandika faili halisi, sitemap.xml, na mwenzake aliyebanwa, sitemap.xml.gz, ndani ya folda ya tovuti yako. Unaliona kwa macho, unaweza hata kulifuta.

Shida ni kwamba kuandika faili zima upya kila unapochapisha ni kazi nzito. Blogu zenye maelfu ya makala zilikuwa zinaishiwa kumbukumbu na muda kabla faili halijakamilika. Kwa hiyo mwaka 2014 likaja toleo la 4, ambalo liliacha kabisa mafaili halisi. Ramani ikawa inatengenezwa palepale roboti anapoiomba, na ikagawanywa vipande kwa mwezi, kila kipande na jina lake, mathalani sitemap-pt-post-2014-03.xml. Kiufundi lilikuwa jambo jema, hilo silikatai. Lakini yule aliyekuwa na faili la zamani kwenye folda alipaswa kulifuta, la sivyo seva ingeendelea kumpa roboti lile faili lililokufa, lenye orodha isiyokua tena. Na aliyetumia seva ya Nginx ilibidi aongeze kanuni kwa mkono, vinginevyo 404. Mtu aliyebofya "sasisha" akiwa anakunywa chai angejuaje yote hayo?

Kulikuwa na mwingine, Yoast, programu-jalizi kutoka Uholanzi. Ramani yake kuu huitwa sitemap_index.xml, na ya makala huitwa post-sitemap.xml. Kwa hiyo makala moja, kwenye tovuti moja, ingeweza kuorodheshwa chini ya jina hili au lile kutegemea tu ni programu-jalizi gani umeichomeka. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, makala zako hazikuhama, anwani zake hazikubadilika, lakini orodha yake ilikuwa imehama nyumba.

Yoast hao nao wana kisa cha mwaka 2018 kinachofundisha. Toleo la 7.0 lilikuja na kosa: kwa baadhi ya tovuti, mpangilio mmoja wa picha ulijigeuza wakati wa kusasisha, na kila picha uliyowahi kupandisha ikapata ukurasa wake wenyewe, mtupu, ndani ya mitambo ya kutafuta. Tovuti yenye picha 5,000 ghafla ingeweza kuwa na kurasa 5,000 zisizo na maana. Waliomba radhi hadharani na wakarekebisha. Halafu wakatoa programu-jalizi nyingine kwa ajili ya usafi tu. Ilifanyaje kazi? Iliandika ramani ya kurasa zile zilizokufa, ili roboti azipitie upesi na kujionea mwenyewe kwamba zimeondolewa. Ramani ya makaburi, wadau! Ndipo nikaelewa kwamba faili hili si mapambo. Likitumika vizuri linaweza hata kuzika.

Kisha ikaja Agosti 11, 2020, WordPress 5.5. Kwa mara ya kwanza programu yenyewe ikawa na ramani yake, bila kuchomeka chochote. Pendekezo lilikuwa limetolewa mwaka 2019, watu wa Google na wa Yoast wakishiriki. Na wakati huu jina lilifikiriwa. Wangeweza kuchukua sitemap.xml, lakini lilikuwa limeshakaliwa na programu-jalizi nyingi, wangegongana nazo. Wakaweka herufi mbili na kistari mbele: wp-sitemap.xml. Kipande cha makala kikawa wp-sitemap-posts-post-1.xml, kikibeba anwani 2,000 tu badala ya 50,000 ili seva ndogo zisichoke. Na anayeomba sitemap.xml anaelekezwa huko. Mnaona hapo? Ni hoja ileile ya Koster ya 1994: usichukue jina ambalo mwenzako ameshalitumia.

Lakini toleo hilohilo la 5.5 lilileta na jambo la pili. Kwa mara ya kwanza mwenye tovuti angeweza, kwa kubofya tu kwenye orodha, kuruhusu programu-jalizi zake zijisasishe zenyewe. Usalama ulihitaji hivyo, maana tovuti zilizozeeka ndizo zinazovamiwa. Na jambo la tatu: liliacha kubeba jQuery Migrate, kipande cha zamani ambacho programu-jalizi na violezo vingi vilikuwa vikikiegemea kimyakimya, na tovuti kadhaa zikaamka na vitufe visivyobofyeka. Sasa jumlisheni. Tovuti inaharibika, mtu anazima programu-jalizi moja moja kutafuta mbaya wake, miongoni mwa alizozima imo ile ya ramani. Ramani ya ndani ya WordPress inashika zamu kwa jina lake yenyewe. Tovuti inarudi hewani, watu wanapongezana, wanakwenda kula. Hakuna anayekumbuka faili.

Na hapa ndipo kuna mtego ambao nilikuwa siujui. WordPress huweza kutengeneza robots.txt yake papo hapo, na hujiandikia humo mahali ramani ilipo. Lakini kama kuna robots.txt halisi kwenye folda, labda fundi fulani aliiweka miaka 6 iliyopita kabla hajahamia kazi nyingine, basi seva inatoa hiyo, na ya WordPress haionekani kamwe. Kwa hiyo faili la Koster, lile lenye jina la kuaminika, linaendelea kumwambia kila roboti kwa unyenyekevu: ramani iko kule. Na kule hakuna kitu.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mstari mmoja, jina la zamani.

Mtasema: si zamani kulikuwa na njia ya programu kuugongea mtambo wa kutafuta na kusema "nina jipya"? Ilikuwepo. Bing waliifunga mwaka 2022 kwa sababu watumaji taka waliiharibu. Google walitangaza Juni 2023 kwamba nao wanaifunga, na ikazimwa. Kwa Google, zimebaki njia mbili: kwenda mwenyewe kwenye Search Console ukaiandikishe ramani, au ule mstari ndani ya robots.txt. Maana yake jina lina uzito leo kuliko lilivyokuwa 2005.

Kwa nini naiona habari hii ni ya kwetu? Kwa sababu maumivu hayagawanywi sawa. Gazeti kubwa la London likipoteza ramani kwa mwezi, roboti bado anapita pale kila dakika, viungo vinavyoelekea huko ni mamilioni. Tovuti ya habari ya mkoani inayoandikwa kwa Kiswahili na vijana watatu haina mtaji huo. Ramani ndiyo njia yake ya kusema "na sisi tupo". Ikipotea, anayeonekana ni aliyenakili. Mwandishi aliyekaa juani anageuka kuwa mwizi mbele ya wajukuu wa mzee aliyemwamini.

Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, mtu aliyeubuni mtandao wenyewe, aliandika waraka mfupi akisema kwamba anwani haziharibiki zenyewe, watu ndio wanaozibadilisha, na kwamba ukitoa anwani fikiria itakaaje miaka 20 au 200 ijayo. Wengi hudhani maneno yale yanahusu kurasa tu. Mimi sasa nadhani yanalihusu hata faili ambalo hakuna msomaji atakayelifungua. Jina la faili ni ahadi uliyompa mtu asiyekuwepo chumbani. Siwatukani watengenezaji wa programu, sababu zao nyingi nimeziona ni za haki. Kumbukumbu ziliisha, majina yaligongana, usalama ulidai. Lakini kubadili jina na kuacha la zamani likijibu 404 ni sawa na kuhama nyumba usiku bila kumwambia hata jirani. Wanaojali huacha maelekezo mlangoni. Yoast, kwa mfano, mtu akiomba ile wp-sitemap.xml wakati programu yao imewashwa, humpeleka kwenye ya kwao. Ni mistari michache ya programu. Inawezekana.

Kwa wenye tovuti, niliyojifunza kwa gharama yangu ni haya. Fungua robots.txt yako leo, nakili anwani ya ramani iliyomo, ifungue kwa macho yako. Ikifunguka, hakikisha makala yako ya jana imo. Rudia hivyo kila baada ya kusasisha chochote. Na ukibadili jina, liache la zamani lielekeze kwenye jipya, usilifute.

Sisi tulirekebisha usiku uleule. Siku chache baadaye habari ya fidia ikaanza kuonekana kwa jina langu, ingawa bado chini ya ile ya walionakili. Nilimpigia mzee nikamweleza habari za roboti na mlango na 404. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema: "Kwa hiyo walikuja kukutafuta, wakaambiwa umehama?"

Ndiyo, mzee wangu. Hivyo hasa.

Alamsiki wadau.